Wakimbiaji wa Dar na vyuma: tunakimbia sana kwa miguu isiyo na nguvu

#1 – Mwanzisha uzi (Sinza)

Wanajamvi, heshima kwenu nyote.

Kila Jumamosi kuanzia saa 11 alfajiri barabara za jiji letu hujaa wakimbiaji. Vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala vinapita vikiimba mchakamchaka, wengine wanavuka Daraja la Tanzanite kuelekea Masaki, na wengine, mimi nikiwamo, tunapanda na kushuka vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani kabla jua halijawa kali. Jambo hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Hata hivyo, nikiwakumbuka watu niliokuwa nikikimbia nao miaka michache iliyopita, naona wengi wao wameacha, na si kwa uvivu. Mmoja anataja goti, mwingine muundi, mwingine kano ya kisigino. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini sehemu kubwa ya maumivu hayo ingeweza kupunguzwa na kazi ambayo wakimbiaji wengi wa hapa tunaiona kuwa ni ya mabaunsa peke yao, yaani kunyanyua vitu vizito.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka 2019 nilikuwa nikijiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na kwa pupa niliongeza umbali wiki hadi wiki bila kupumzika. Kano ya kisigino cha kulia ikaanza kukaza asubuhi, nikawa nashuka kitandani nikichechemea hadi bafuni. Nikitembea kidogo ikapata joto iliachia, nami nikajidanganya kwamba imepona. Nikashauriwa nipumzike wiki 6. Nikapumzika, maumivu yakaisha kabisa, na siku ya tatu baada ya kurudi barabarani yakarejea vilevile, kana kwamba yalikuwa yakinisubiri. Ndipo mtaalamu mmoja wa fiziotherapia aliponisimamisha kwenye ngazi kwa mguu mmoja na kuniambia ninyanyue kisigino hadi nichoke. Mguu wa kushoto ulifika mara 19. Wa kulia ulikoma mara ya 8, na hapo nilikuwa mtu wa kukimbia kilomita 40 kwa wiki.

Tuitazame mbio yenyewe ilivyo. Kukimbia ni kuruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, tena na tena. Mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6, akipiga hatua 165 kwa dakika, hupiga hatua zinazokaribia 1,000 katika kila kilomita, kwa hiyo katika kilomita 10 kila mguu unatua chini mara 5,000 hivi. Katika kila kutua, ardhi inaurudishia mwili nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake, na kano ya kisigino, kwa sababu ya jinsi wayo unavyofanya kazi kama wenzo, hubeba mara 6 hadi 8 ya uzito huo. Mwenye kilo 70 na apige hesabu mwenyewe. Mapumziko yalinyamazisha kano yangu lakini hayakuiongezea uwezo hata chembe, na ndiyo maana ilinirudisha palepale nilipoachia.

Sasa nije kwenye faida, nami nitaanza na ile isiyozungumzwa sana hapa kwetu, ambayo ni kukimbia kwa gharama ndogo. Chukueni pikipiki mbili zenye injini sawa na mafuta sawa, ila moja matairi yake hayana upepo wa kutosha. Zote zitafika Bagamoyo, lakini hiyo moja itakuwa imekunywa mafuta mengi zaidi. Kano na misuli ya kigimbi hufanya kazi kama tairi lenye upepo: zikiwa ngumu na zenye nguvu, zinahifadhi nguvu ya kutua na kuirudisha wakati wa kuondoka, zikiwa legevu, nguvu hiyo inapotea na misuli inalazimika kuizalisha upya kwa pumzi yako. Nchini Finland, Leena Paavolainen na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti wa wiki 9 ambamo wanariadha wa mbio ndefu waliondoa theluthi hivi ya mazoezi yao ya kawaida na kuweka mahali pake mbio fupi za kasi, kuruka, na vyuma vya kusukumwa kwa haraka. Muda wao wa kilomita 5 ulipungua kwa takriban asilimia 3, ilhali uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni haukuongezeka. Kilichobadilika ni gharama ya kila hatua.

Norway, mwaka 2008, Øyvind Støren na wenzake waliwapa wakimbiaji zoezi moja tu, skwati ya nusu (kuchuchumaa hadi katikati na kuinuka) yenye uzito mkubwa, seti 4 za marudio 4, yaani kunyanyua mara 4, kupumzika, na kurudia hivyo awamu 4, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8. Gharama ya kukimbia ilipungua kwa asilimia 5, na uzito wa miili yao haukubadilika. Naomba kila anayehofia kuwa baunsa aisome tena sentensi hiyo. Kutanuka misuli kunahitaji seti nyingi, chakula kingi na muda mrefu, na mtu anayekimbia mara nne kwa wiki hana nafasi ya kutanuka kwa bahati mbaya.

Kuhusu majeraha nitakuwa mwangalifu zaidi. Uchambuzi wa Jeppe Lauersen na wenzake wa Denmark, uliotoka mwaka 2014 na kukusanya majaribio 25, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu yalishusha majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, ilhali kunyoosha viungo, jambo ambalo vikundi vyetu hulitumia dakika 20 kila Jumamosi, hakukuonyesha kinga yoyote ya maana. Walioshiriki majaribio yale, hata hivyo, hawakuwa wakimbiaji kama sisi wote. Wengi walikuwa wachezaji wa mpira na askari. Ushahidi unaotugusa moja kwa moja ni ule wa Sweden wa mwaka 1998, ambapo Håkan Alfredson na wenzake waliwachukua wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino, wakawapa zoezi la kushusha kisigino taratibu kwenye ngazi. Zoezi lilifanywa goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, seti 3 za marudio 15 kwa kila namna, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, huku uzito ukiongezwa kwa begi la mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia. Mimi nilifanya zoezi hilohilo kwenye ngazi za nyumba niliyopanga, begi likiwa na pakiti za sembe, na wiki ya 11 nilishuka kitandani asubuhi bila kuchechemea.

Kosa linaloniuma kwa sababu linafanywa na watu wenye bidii ni hili: kikundi kinamaliza kilomita 8, kinasimama pale Coco Beach, kisha kila mtu anapiga skwati 100 na pushapu 50 bila uzito wowote. Jasho linatoka, na watu wanaamini wamefanya mazoezi ya nguvu. Lakini skwati ya 100 ni mbio nyingine tu, iliyofanywa mtu akiwa amesimama mahali pamoja. Stahimili, yaani uwezo wa kuendelea muda mrefu bila kuchoka, mnayo tayari. Kinachokosekana ni nguvu, na nguvu inajengwa na uzito ambao ukiunyanyua mara 5 au 6 unahisi umebakiwa na mara mbili hivi kabla ya kushindwa. Baada ya kila seti unapumzika dakika 2 au 3 bila haya, hata kama jirani yako jimu anakutazama kama mvivu.

Mimi hufanya mara mbili kwa wiki jioni, dakika 40 hivi: skwati, kunyanyua chuma kutoka chini kwa mgongo ulionyooka, kupanda boksi kwa mguu mmoja nikiwa na dambeli, na kunyanyua visigino goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Hilo la mwisho silipunguzi hata siku niliyochoka, kwa sababu goti linapokunjwa kazi humwendea msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko yote tunapokimbia, na ndio unaosahauliwa kuliko yote jimu.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga pia.

#2 – Mchangiaji (Mbagala)

Mkuu, nimekuelewa vizuri, lakini umezungumzia vyuma kana kwamba kila mmoja wetu ana jimu jirani na fedha ya kulipia kila mwezi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natoka kazini saa 1 usiku, na nyumbani nina uwanja mdogo tu. Je, mtu kama mimi atapataje uzito huo mkubwa unaousema?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umeuliza jambo nililopaswa kuligusa mwanzoni, na nakuomba radhi. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, hivyo madumu mawili ni kilo 40, na hakuna nyumba ya Dar inayokosa madumu mawili. Likijaa mchanga uzito unaongezeka zaidi. Tena wewe ni fundi wa kuchomelea: bomba la chuma na makopo mawili yaliyomiminwa saruji ni vyuma kamili, na jimu nyingi za mitaani zilianza hivyo.

Siri ya pili ni kutumia mguu mmoja. Kilo 40 kwa miguu miwili ni nyepesi kwa mtu mzima mwenye afya, lakini weka wayo wa nyuma juu ya kigoda, shika dumu moja kila mkono, ushuke na kuinuka kwa mguu wa mbele peke yake. Nadhani hutafika mara 8. Kwa kigimbi, simama kwenye kizingiti kwa mguu mmoja, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika dumu, shusha kisigino kwa kuhesabu hadi 3, pandisha, tulia juu kidogo, kisha rudia. Kwa misuli ya nyuma ya paja na makalio, lala chali, visigino juu ya kigoda, nyanyua nyonga kwa mguu mmoja.

Wiki mbili za kwanza anza na madumu yaliyojaa nusu. Misuli itakuuma siku ya pili na ya tatu, hiyo ni kawaida na itapungua kadiri unavyozoea. Wiki 4 hadi 8 za mwanzo utajiona umepata nguvu haraka, na hiyo ni kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza kuiita misuli yote kazini. Kano huenda kwa mwendo wa miezi. Watu wengi huumia hapo, wakidhani kano imekwenda sambamba na misuli.

#4 – Mchangiaji (Tegeta)

Habari zenu. Mimi ni mama wa miaka 48, nilianza kukimbia miaka 3 iliyopita kwa ushauri wa kupunguza shinikizo la damu. Nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki. Je, kwa umri wangu si hatari kuanza kubeba uzito, na je, si bora niongeze kilomita tu?

#5 – Mwanzisha uzi

Dada yangu, hongera sana kwa miaka hiyo mitatu. Kwa umri wako ningeyaweka mazoezi ya nguvu mbele ya kilomita za nyongeza, nami nasema hivyo bila kusita. Mwili huanza kupoteza misuli tangu umri wa miaka 30 hivi, na kasi ya kupoteza inaongezeka kadiri umri unavyosogea; kwa mwanamke, hedhi inapokoma mifupa nayo hupungua uzito kwa haraka. Kukimbia peke yake hakuzuii vya kutosha upotevu huo, hasa wa nyonga, mgongo na mikono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa siku 2 au zaidi kwa wiki, juu ya dakika zao za kukimbia au kutembea.

Kwa kuwa una historia ya shinikizo la damu, mweleze daktari wako kwanza, na unaponyanyua usibane pumzi: toa pumzi unapoinuka, vuta unaposhuka, kwa maana kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo kwa ghafla. Anza na uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 12 kwa utulivu, ukae nao mwezi mzima, ndipo uongeze. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono ukiwa umekumbatia mfuko wa mchele wa kilo 5 ni mwanzo wa heshima kabisa.

#6 – Mwalimu mstaafu (Kimara)

Vijana, nimesoma kwa makini. Nimefundisha riadha shuleni kwa miaka mingi na ninayo machache ya kupinga. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Suleiman Nyambui alichukua fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989. Sikumbuki tukiimba habari za vyuma wakati huo. Tulipanda vilima, tukakimbia kwenye mchanga, tukalala mapema. Je, si kwamba mnatafuta njia ya mkato?

#7 – Mwanzisha uzi

Shikamoo, mwalimu. Nashukuru kwa kunisoma, na sehemu kubwa ya uliyosema naikubali. Kilima ni mazoezi ya nguvu. Mchanga ni mazoezi ya nguvu. Herb Elliott wa Australia, aliyeshinda mita 1,500 Roma mwaka 1960 kwa rekodi ya dunia, alifundishwa na Percy Cerutty kwa kupanda vilima vya mchanga kule Portsea, na Cerutty huyohuyo aliwanyanyulisha wanariadha wake vyuma wakati makocha wengi walikuwa wakivikataa. Kwa hiyo, mwalimu, mabishano yetu si ya kuwa na nguvu au kutokuwa nayo, ni ya mahali pa kuipata.

Ninapotofautiana nawe ni kuhusu nani anayeyapokea mafunzo hayo. Kijana aliyekulia Karatu au Mbulu, akitembea kwenda shule, akilima na kubeba maji, anafika kwa kocha akiwa amekwisha kujengwa miguu, na kocha anaongeza kilima juu ya msingi uliopo. Sisi wa Dar tunakaa ofisini Posta kwa muda wa saa 8 au 9, tunakaa tena kwenye mwendokasi au daladala kwa muda wa saa 2, kisha Jumamosi tunaiambia kano iliyolala wiki nzima ibebe mara 7 ya uzito wetu. Na jiji letu ni tambarare. Ukiondoa Mlimani, Kimara kwako na maeneo machache, hakuna kilima cha kutosha. Madumu na vyuma ndivyo vinavyoziba pengo hilo.

Umetaja mashujaa wa zamani, nami niongeze wa sasa. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Sisemi kwamba vyuma ndivyo vilivyompa ushindi ule. Ila wewe kama kocha utakubali kwamba mtu anayebadili kasi hatua za mwisho baada ya kilomita 42 amebakiza nguvu miguuni wakati mwenzake imemwishia.

#8 – Mwalimu mstaafu (Kimara)

Marahaba. Hoja ya kukaa nimeikubali, kwa maana wajukuu zangu mwenyewe hawawezi kuchuchumaa bila kunyanyua visigino. Lakini na wewe usiwaondolee watu kilima kabisa.

#9 – Mchangiaji (Kigamboni)

Nami nina swali la ratiba. Nakimbia Jumatatu, Jumatano kwa kasi, Ijumaa, na Jumapili mbio ndefu ya kilomita 18. Nilipojaribu vyuma, niliviweka Jumamosi kwa kuwa sina kazi, na Jumapili miguu ikawa mizito kama magogo hadi nikageuzia darajani.

#10 – Mwanzisha uzi

Mkuu, Jumamosi ndiyo siku mbaya kuliko zote kwako. Miguu inahitaji angalau siku nzima katikati ya vyuma vizito na mbio unayoijali. Ningekushauri uviweke vyuma siku ileile ya kazi ngumu: Jumatano ukimbie kwa kasi alfajiri, ufanye vyuma jioni baada ya kula na kupumzika, ili Alhamisi iwe ya kupumzika kwa kweli. Siku ya pili iwe Jumatatu jioni. Watu wengi wanatawanya ugumu katika siku zote saba, na matokeo yake hakuna siku ambayo mwili unajirekebisha.

Ukivifanya pamoja kwa mfululizo, tanguliza kile unachotaka kukiboresha. Mkimbiaji anatanguliza mbio. Robert Hickson wa Marekani alionyesha mwaka 1980 kwamba watu waliochanganya mazoezi mazito ya nguvu na ya stahimili karibu kila siku kwa wiki 10 waliacha kuongezeka nguvu kuelekea mwisho, lakini stahimili yao haikudhurika. Kwa hiyo wenye kulalamikia mchanganyiko huo ni wanyanyuaji, si sisi.

Ukikaribia mashindano, siku 10 za mwisho punguza idadi ya seti lakini usipunguze uzito sana, na kikao cha mwisho kiwe siku 4 au 5 kabla ya mbio. Msimu ukiwa umepamba moto, kikao kimoja kwa wiki kinatosha kulinda nguvu uliyokwisha kuipata. Na ukihisi maumivu kwenye kano wakati wa zoezi, yapime asubuhi inayofuata: yakiwa yametulia, endelea na uzito huohuo, yakiwa yameongezeka, rudi hatua moja nyuma, wala usiache kabisa.

#11 – Mchangiaji (Mbagala)

Narudi kutoa mrejesho baada ya wiki 3. Mkuu, ile ya mguu mmoja kwenye kigoda nilifika mara 5 tu, nikashangaa, kwa sababu kilomita 12 nakimbia bila kusimama. Sasa nafika 7 kwa madumu yaliyojaa. Tatizo langu ni kwamba mshikio wa dumu unanikata viganja kabla miguu haijachoka.

#12 – Mwanzisha uzi

Hongera, ndugu yangu. Kutoka 5 hadi 7 kwa wiki 3 ni kazi ya kweli. Chukua kanga kuukuu, ikunje mara nne, uzungushie mshikio na kuifunga kwa mpira wa baiskeli. Ukifika mara 8 kwa seti zote tatu, badala ya kuongeza marudio, mwaga nusu ya maji na ujaze mchanga mahali pake, kisha uanze tena na 5.